Nyumba Bila Ardhi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii aliifahamu barabara bibi mmoja, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na mhitimu wa Kiswahili, lakini siku aliyoihitaji haikumjia. Siku hiyo alikuwa amesimama mlangoni mwa fleti ya vyumba vitatu katika mji wa George Town, kisiwani Penang, nchini Malaysia, akitazama dari na madirisha, huku mumewe, mhandisi katika kiwanda kimojawapo cha vifaa vya elektroniki huko Bayan Lepas, akipima sebule kwa hatua zake. Huo ulikuwa mwaka 2012. Fedha walizokuja nazo ndizo zote walizozichuma tangu waoane.

Anayeupenda mji huo halaumiwi. Pamoja na Melaka, ulitiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2008, miaka saba baada ya Mji wa Kale wa Lamu. Katika barabara moja tu mpita njia hukutana na kanisa la Kianglikana, hekalu la Wachina, hekalu la Wahindu na msikiti wa Kapitan Keling ulioasisiwa mwaka 1801. Mbele kidogo, katika mtaa wa Lebuh Acheh, upo msikiti wa mwaka 1808 ulioanzishwa na tajiri aliyetoka Aceh, mwenye asili ya Hadhramaut. Wahadhrami ndio hao hao waliotia nanga Lamu na Mombasa, wakaoa na kuzikwa huko. Bibi huyu alipoziona baraza na nakshi za mtaa ule kwa mara ya kwanza, alinyamaza kwa muda mrefu hata mumewe akamuuliza kama anaumwa.

Hata hivyo, nyumba za kale zenyewe hakuzitaka. Alikwisha kusimuliwa jinsi sheria ya mwaka 1966 ya kudhibiti kodi ilivyowakinga wapangaji wa mjini kwa zaidi ya miaka thelathini, na jinsi kinga hiyo ilivyoondolewa mwaka 2000, familia nyingi zikahama. Baadaye nyumba kadha wa kadha zikageuzwa hoteli na mikahawa ya watalii. Kulala katika chumba alichohamishwa mwenzake kulimtia kinyaa. Ndiyo maana wakatafuta fleti nje ya mji wa kale.

Lililomponza lilikuwa lugha. Mwanafunzi wa isimu akitia mguu Malaysia huwa kama mtoto aliyeingia duka la halua. Wakati ni waktu, karatasi ni kertas, mahakama ni mahkamah, sharti ni syarat, tarehe ni tarikh. Mreno naye aliziachia lugha zote mbili bendera lile lile, na meza yetu kwao ni meja. Bibi akawa anasoma mabango kwa sauti, akimfasiria mumewe kwa fahari. Alipaswa kutahadhari mapema, kwani neno la Kireno lililowapa Wamalei gereja, yaani kanisa, ndilo lililotupa sisi gereza. Aidha, bila ya Kimalei haina maana ya pasipo. Maana yake ni lini. Lakini kiburi cha msomi hakisikii mfano mpaka kipigwe nao.

Mtu aliyewatembeza katika fleti aliwapa kadi iliyoandikwa Wakil Jualan. "Baba watoto, huyu ni wakili," bibi alimnong'oneza mumewe, "hatuna haja ya kulipia mwingine." Kisha akapewa nakala ya hati ya fleti, na jicho lake likatua juu ya neno hakmilik. Moyo ulimruka. Kwetu hakimiliki hulinda kitabu cha mwandishi. Kwao, alijiambia, hulinda nyumba. Maneno mengine asiyoyajua aliyaruka. Wakaahidi kuleta arubuni, asilimia 3 ya bei, siku ya pili yake.

Usiku ule alimpigia mamake simu Mombasa. Baada ya shikamoo na marahaba, akaeleza habari za sebule, upepo na bahari inayoonekana kwa mbali. Mzee yule alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu:

"Na kiwanja ni cha nani?"

Wasioishi Mombasa huenda wasiuone uzito wa swali hilo. Pwani ya Kenya mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi iliyo chini yake. Marehemu baba alijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita juu ya kiwanja cha watu, akilipa kodi ya kiwanja kila mwezi bila kukosa. Mwenye kiwanja alipouza, mwaka 1996, waliambiwa waondoe nyumba yao katika miezi mitatu. Wakang'oa mabati, boriti na milango. Mlango wa mbele, wa mvule, ulipelekwa Kisauni kwa mjomba, ukaegemezwa ukutani, na huko ukaliwa na mchwa.

Bibi alikata simu, akawasha taa na kufungua kamusi. Wakil ni mjumbe tu, na wakil jualan ni mwuzaji aliyetumwa na mwenye mali. Mwanasheria kwao huitwa peguam. Hakmilik ni hati ya umiliki wa aina yoyote, uwe wa daima au wa muda. Wa daima huitwa kekal. Katika hati ile palikuwa na pajakan, mojawapo ya yale maneno aliyoyaruka: ardhi ya kukodishwa kwa miaka 99. Iliyosalia ilikuwa 61.

Asubuhi walimwajiri peguam. Ndipo walipoambiwa kwamba, chini ya Kanuni ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1965, asiye raia hanunui mpaka serikali ya jimbo itoe idhini, na kwamba jimbo huweka kima cha chini cha bei kwa mgeni. Mume alighadhibika. Mkewe akamkumbusha kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo haimpi mgeni ardhi zaidi ya miaka 99. Mume akakaa kimya, kisha akatoa kikokotoo: miaka 61 ikiisha, kifunguamimba wao angekuwa na 68.

Bibi alimpigia mamake tena, safari hii bila kuzungumzia bahari.

"Sitini na mmoja?" Mzee alivuta pumzi. "Sisi tulipewa miezi mitatu. Nunueni, mwanangu. Lakini watoto waambieni mapema."

Idhini ilichukua miezi kadhaa. Usiku wa kuamkia siku ya kutia sahihi, bibi aliisoma hati upya, kamusi ikiwa mapajani, akatafuta kila neno, hata waktu na tarikh. Mumewe alisinzia kitini kabla hajafika nusu.