Kigamboni Haikuwa Mbali Hivyo

Kichwani mwangu, pantoni ya Kigamboni ilikuwa safari ya nusu siku. Mnaonifuata hapa nimewasimulia hadi mmechoka: bahari kubwa, meli kubwa, mimi nimeng'ang'ania dera la mathe nisianguke. Basi Desemba tukarudi Dar likizo, tukaipanda tena. Manze, ni dakika chache tu! Hata sikuwa nimemaliza kurekodi, watu wakaanza kushuka.

Tuliishi huko hadi 2013, nikiwa na miaka minane. Siku hizi kuna daraja, lilifunguliwa 2016, na mzee alitaka tupite hapo na teksi. Mathe akakataa kabisa. "Tuliondoka na pantoni, tutarudi na pantoni." Nikadhani ni kumbukumbu tu zinamsumbua. Kumbe alikuwa na bahasha.

Sikuwahi kuambiwa hii sehemu. Kabla tuhame, mzee alikaa miezi bila kazi, na bibi jirani ndiye alikuwa anatukopesha: unga, mafuta ya taa, maandazi ya asubuhi, hadi nauli ya basi ya kurudi Nairobi. Tukatoka alfajiri bila kumuaga. Na mimi miaka hii yote nawaambia watu tulihama "sababu ya shule".

Nyumba yetu haipo, wamejenga fremu za maduka. Lakini bibi yupo, palepale, bado anakaanga. Alimjua mathe kabla hata hatujamfikia. Nikampa shikamoo, nikasema, "Nipe maandazi mbili." Akacheka mpaka akakohoa. "Mawili, mjukuu wangu. Nairobi wamekuharibu." Na vile huko Nairobi nilichekwa darasa zima kwa kusema "naomba"! Sijui niende wapi.

Mathe akatoa bahasha kwa mikono miwili. Nilikuwa nangoja bibi aikatae, wakumbatiane, walie, si mnajua vile huwa kwa filamu. Wapi. Akaifungua, akalowesha kidole, akahesabu noti moja moja mbele yetu. Mzee anaangalia viatu vyake. Akazifunga kwa pindo la khanga.

"Na ya mafuta ya taa?"

Mathe akaingiza mkono kwa mkoba, akaongeza elfu kumi. Ndio bibi akatuvutia benchi, akaniwekea maandazi mawili kwa sahani.

Simu nilikuwa nimezima kitambo.