Macho ya Msomeshaji na Kioo cha Maandishi



Kina mama wanaofuatilia darsa yetu ya Jumatano usiku wameleta swali, nami nimeona nilijibu katika kurasa hizi badala ya mbele ya kamera, kwa kuwa swali lenyewe linaihusu kamera. Wanauliza: haya unayoyasema, Maalim, huku ukitutazama usoni bila ya kuinamia karatasi, yamo kifuani mwako ama yameandikwa mahali? Na ikiwa yameandikwa, kututazama namna hiyo si kutughilibu?

La kwanza jawabu lake ni fupi: yameandikwa. Mbele ya lenzi ya kamera kuna kioo kilichowekwa mshazari, na chini ya kioo imelazwa tableti ikitazama juu. Maneno niliyoyaandika mchana hupanda taratibu katika tableti, kioo huyarudisha machoni pangu, na kamera iliyo nyuma ya kioo, ndani ya kitambaa cheusi, haiyaoni kabisa. Huuona uso wangu tu. Maandishi hupinduliwa kwanza katika tableti ili kioo kiyapindue tena yakae sawa. Chombo hiki huitwa teleprompta. Kilianza kutumika katika televisheni ya Marekani mwaka 1950, kuwasaidia waigizaji waliolemewa na maneno ya kuhifadhi, na mwaka 1952 Herbert Hoover, aliyekuwa rais wa zamani wa nchi hiyo, akakitumia kuhutubia mkutano wa chama chake mjini Chicago. Chetu sisi amekiunda fundi seremala wa hapa kisiwani, na kile kitambaa cheusi ni kipande kilichobaki mke wangu alipokuwa akishona buibui. Fundi alianza kwa kioo cha dirisha, kila herufi ikaonekana mbili, kwani kioo cha kawaida hurudisha taswira kwa uso wake wa mbele na wa nyuma pia. Ikabidi kitafutwe kioo chenye utando maalumu upande mmoja.

La pili ndilo zito, na aliyeliuliza hakukosea adabu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemfananisha mtu anayejipamba kwa asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Mwanachuoni akisoma karatasi huku watu wakidhani kuwa amehifadhi, na yeye akafurahia dhana hiyo, basi amekwisha kuzivaa.

Lakini tutazame kwanza tulikotoka. Darsa hii ilianza sebuleni, katika zile nyumba za zamani za Buxton, kina mama wakiwa upande mmoja wa pazia na mimi upande wa pili. Nyuma ya pazia hakuna aliyejua kama nasoma ama nanena, wala hakuna aliyeuliza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wazee wetu waliosikiliza mawaidha ya Sauti ya Mvita katika miaka ya 1950: sauti iliwafikia, wakanufaika nayo, na karatasi ya msomaji ilikuwa baina yake na meza yake. Machi 2020 misikiti ikafungwa kwa ajili ya korona, na Mei, katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441, Mji wa Kale ukazuiliwa watu kuingia wala kutoka. Vijana wakanisimamishia simu juu ya rundo la vitabu, nikasomesha. Baadaye nyumba zile za zamani zikabomolewa, maghorofa ya Buxton Point yakasimama mahali pake, na majirani waliozoea kuitana kwa kugonga ukuta wakatawanyika, huyu Kisauni, yule Likoni, mwingine Mtwapa. Misikiti ilikuwa imekwisha kufunguliwa, lakini ile sebule haikuwapo tena. Darsa ikabaki katika simu kwa kuwa huko ndiko jirani walikoendelea kuwa pamoja.

Sasa katika simu uso unaonekana, na hapo ndipo karatasi ilipoleta tabu. Bibi mmoja, mtu wa makamo ya mama yangu, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, Mungu akuzidishie, lakini sisi tunaona kofia tu." Alisema kweli. Mwenye kuinama kila baada ya sentensi mbili huzungumza na magoti yake. Tukajaribu programu inayopandisha maandishi katika simu ile ile inayopiga picha. Macho yakaonekana yakikimbia kushoto kwenda kulia kama ya mtu anayemvizia paka. Simu ikiwa karibu, macho husafiri sana. Msomaji akikaa mita mbili kutoka kwenye maandishi, na mistari ikawa mifupi ya maneno manne au matano, macho hutulia. Ndivyo tulivyofika kwenye kioo.

Je, kusoma kunamshusha mwanachuoni? Wapo wanaosema elimu ni ya vifuani, na mwenye kuhitaji karatasi hana elimu. Maneno haya yanapendeza, ila maimamu wa hadithi hawakuyaona hivyo. Wao waligawa uthabiti wa mpokezi sehemu mbili, uthabiti wa kifua na uthabiti wa kitabu, na vyote viwili wakavipa heshima. Imam Ahmad bin Hanbal alikuwa katika vigogo vya kuhifadhi, na juu ya hayo Ali bin al-Madini, aliyekuwa mjuzi wa zama zake, amemsifu kwamba alikuwa hasimulii ila kutoka katika kitabu. Na Abdullah bin Lahi'a, kadhi wa Misri, vitabu vyake vilipoungua akaendelea kusimulia kwa kukumbuka, wahakiki wakaanza kuzitilia shaka riwaya zake za baada ya hapo. Bali hata katika ibada iliyo kubwa kuliko darsa, imepokewa kuwa Dhakwan, aliyekuwa mtumwa wa Bibi Aisha kisha akaachwa huru, alikuwa akimsalisha katika Ramadhani kwa kusoma katika msahafu. Madhehebu yetu ya Shafii yanaijuzisha sala ya namna hiyo, ingawa Imam Abu Hanifa ameikataa. Basi karatasi si aibu. Aibu iko katika kuificha.

Kwa hiyo kila Jumatano, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, husema wazi kuwa darsa hii imeandikwa na inasomwa. Ni sentensi moja. Kijana wetu wa kamera hakuipenda. Alisema inaharibu uzuri wa picha, na kwamba watangazaji wa televisheni hawasemi. Watangazaji wa televisheni hawaulizwi habari za halali na haramu.

Kuna jambo ambalo nawaomba walimu wenzangu, wanaume kwa wanawake, wanaotaka kutumia chombo hiki wasilidharau. Msiziweke aya za Qur'ani katika kioo. Kwanza, programu nyingi zimetengenezwa kwa maandishi yanayokwenda kushoto kuelekea kulia. Aya ikiingia katikati ya sentensi ya Kiswahili na ikakatika mistari miwili, maneno yake huweza kupangika visivyo. La pili ni kubwa zaidi. Kwa umbali wa mita mbili jicho la mtu wa miaka hamsini na kitu huiona herufi, lakini haliioni irabu. Imesimuliwa kwamba Abul-Aswad ad-Du'ali alimsikia mtu akisoma aya ya tatu ya Sura ya Tawba, akalitia kasra neno la mwisho la sehemu ile inayomtaja Mtume, badala ya dhuma. Kwa kijistari kimoja ikawa Mwenyezi Mungu anajitenga na washirikina na Mtume Wake pia! Aliyekosea hakukusudia, lakini maana ilikuwa imekwisha kutoka mdomoni. Na hayo yalikuwa mbele ya watu wachache. Leo kosa kama hilo hukatwa kipande cha sekunde kumi, kikafika Lamu na Maskati kabla mwenyewe hajateremka kitini. Mimi huandika katika kioo neno moja tu, "msahafu", nikifika hapo nauinua msahafu wenyewe na kusoma. Watazamaji wanauona mkononi mwangu, na hilo pia lina faida kwa watoto.

Mengine ni madogo. Badala ya nukta na mkato hutumia alama za waqfu tulizofundishwa chuoni: mim mahali ambapo lazima nisimame, jim ambapo nina hiari, la ambapo nisikate. Binti yangu ndiye anayeongoza mwendo wa maandishi kwa simu yake, akinisikiliza. Nikipunguza naye hupunguza. Mwendo wa mashine peke yake haufai, kwa sababu mashine haingoji watu wamsalie Mtume. Kwa kadiri yangu darsa ya dakika ishirini ni maneno kama elfu mbili, na nikizidisha hayo nasikia pumzi ikikatika. Umeme nao ukizimika, karatasi iko mezani.

Nimechelewa kulifikia jambo linalonikosesha usingizi, nalo ni maswali.

Baada ya darsa kina mama huandika maswali, na karibu kila mwezi huja moja la namna hii: mume wangu ameniandikia talaka katika simu, nimeachika? Anaandika usiku, mbele ya mamia ya watu, kwa sababu huenda hana wa kumuuliza, na anataka jawabu saa hiyo hiyo. Na kila anayetazama amekwisha kunisikia kwa dakika ishirini nikisema bila ya kukwama, macho yangu yakiwa machoni mwake. Anatarajia jawabu litoke kwa ulaini ule ule. Hajui maandishi yaliishia wapi na dhana ya mtu inaanzia wapi.

Katika madhehebu yetu, talaka iliyoandikwa na mtu anayeweza kusema huhesabiwa katika kinaya, yaani haipiti ila kwa nia ya aliyeandika. Basi lazima nimsikie mume. Alikusudia nini? Ni yeye kweli aliyeandika, ama simu ilikuwa mkononi mwa mwingine? Ilitangulia talaka nyingine kabla ya hii? Mwanamke huyu yuko katika tohara ama katika hedhi? Ana mimba? Hakuna hata moja katika haya linaloweza kuulizwa hadharani bila ya kumvunjia mtu sitara, na bila ya hayo jawabu lolote, la "ndiyo" ama la "la", ni hatari. Nikisema ameachika na hakuachika, huenda akahesabu eda akaolewa naye yu mke wa mtu. Nikisema hakuachika na ameachika, anarudi kulala na asiyekuwa mumewe. Na wanawake wengine mia, kila mmoja mwenye kisa chake, watalichukua jawabu lile lile na kulipeleka nyumbani kwao.

Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, akajibu 32 katika hayo kwa kusema: sijui. Yeye alikuwa ameketi Madina, muulizaji yuko mbele yake. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Katika matangazo mubashara ukimya wa sekunde tano huonekana ni hitilafu ya intaneti. Watu huanza kuandika "sauti imepotea". Kwa hiyo msomeshaji hujaza pengo kwa chochote kilicho karibu na ulimi wake. Hapo ndipo naona hatari ya kioo ilipo, wala haiko katika yale yaliyoandikwa juu yake: kinamzoesha mtu, na kinawazoesha wanaomtazama, kuwa shekhe hakosi la kusema.

Ndiyo maana wakati wa maswali ukifika, kijana hukiondoa kioo, nanyi mnamwona akikiondoa. Mimi hubaki na vitabu juu ya meza. Nitainama, mtaona kofia, na bibi yetu atanisamehe. Maswali ya udhu, ya funga, ya zaka ya dhahabu, huyajibu hapo hapo nikiweza, na nisipoweza husema nitatazama. Ya talaka, ya mirathi na ya ugomvi wa nyumbani hayasomwi hewani kabisa. Mke wangu huyapokea yeye katika simu yake, humpigia muulizaji asubuhi, na tukiona kuna haja tunawaita wote wawili wakae mbele yetu, ama tunawaelekeza katika Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010 imeitaja katika kifungu cha 170 kwa ajili ya mambo haya haya ya ndoa, talaka na mirathi. Baadhi wamekasirika wakasema tunawazungusha. Mmoja aliandika kuwa shekhe mwingine katika YouTube alimjibu kwa dakika moja.

Wameuliza pia kama kioo kitapelekwa msikitini siku ya Ijumaa. Hakitapelekwa. Khutba ni ya walioketi mbele ya mimbari. Kamera ikitaka kuchukua na ichukue kwa pembeni, na khatibu akisoma karatasi, kama walivyosoma makhatibu wa pwani hii miaka mingi katika vitabu vya khutba, hakuna anayeshangaa.

Kuanzia mwezi ujao, inshallah, maandishi ya kila darsa yatapigwa chapa na kugawiwa pamoja na jarida hili, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wazee na wenye uzito wa masikio. Aya zitakuwemo kwa Kiarabu na irabu zake zote, zikiwa zimepitiwa na watu wawili. Atakayeona nilichosema Jumatano kinatofautiana na kilichochapwa, alete nakala yake nyumbani baada ya alasiri, tuitazame pamoja.

Wallahu a'lam.