Dongo, Komredi na elfu thelathini

Najua blogu imeota nyasi, wiki tatu sijaweka hata mstari mmoja. Wawili watatu mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisco. Hapana jamani, nipo, nadunda. Nilikuwa na kesi chumbani, na kwenye kesi yenyewe mtuhumiwa ndiye aliyekuwa na haki. Mnakumbuka andiko la mwisho, lile la "kuna watu hawakufundishwa kwao kutogusa vya watu"? Mlicheka sana, mkaweka na maoni. Nilikuwa namsema rumeti wangu, Komredi. Leo narudi hapa hapa kulifuta, na nitaeleza kila kitu kuanzia mwanzo.

Kwanza dongo. Wenzangu wa Fizikia mnalijua, wale wa Lugha msikimbie, nitakwenda polepole. Ni kidude cha ukubwa wa flashi, kinachomekwa kwenye tundu la USB, upande wa pili kinatoka waya wa antena. Kilitengenezwa ili mtu aangalie televisheni kwenye kompyuta. Ndani yake kuna chipu inaitwa RTL2832U. Mwaka 2012 wajuzi wa programu huria wakagundua kwamba chipu hiyo inaweza kuambiwa iachane na televisheni, imwage tu namba ghafi za mawimbi inayoyapokea, halafu kompyuta ifanye kazi iliyobaki. Yaani redio ambayo sehemu kubwa ni programu. Redio ya kawaida ina saketi ya kuchagua stesheni, saketi ya kutoa sauti, kila kazi na vyuma vyake. Hii, ukitaka FM, programu inageuka FM. Ukitaka ndege zinavyojitangaza kwenye masafa ya megahezi 1090, unafungua programu nyingine, dongo lile lile. Haliwezi kurusha, linasikiliza tu.

Mimi nilitamani picha za setilaiti za hali ya hewa, zile NOAA 15, 18 na 19, ambazo watu walikuwa wakizidaka kwa antena ya waya mbili tu. Bahati yangu! Zote tatu zilizimwa mwaka 2025, mimi bumu linaingia zimeshakufa. Nikanunua hivyo hivyo, elfu sitini, kwa ajili ya somo langu la majaribio. Kwetu kabla ya kupelekwa shule za watu unafundisha kwanza wenzako, wanajifanya kidato cha nne, mhadhiri kakaa nyuma na karatasi ya maksi. Mada yangu ilikuwa mawimbi. Nimefundishwa mawimbi kwa kamba na kwa beseni la maji tangu sekondari, nikasema mimi nitawaonyesha mawimbi yenyewe yaliyomo humu darasani.

Laptopu yangu inatumia Linux. Nikaijenga maktaba ya dongo mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, maana nilitaka toleo jipya (na kujionyesha kidogo, nisidanganye). Maelekezo yakasema kwanza uiondoe draiva ya televisheni, kwa sababu Linux ikiona dongo inadhani unataka kuangalia tamthilia. Nikaandika amri moja, rmmod dvb_usb_rtl28xxu, nikafungua Gqrx, na stesheni zote za Dar zikasimama mbele yangu kama vichuguu. Siku mbili sikuzima laptopu wala kuchomoa kitu. Komredi, ambaye anasoma Historia na Kiswahili, alikuwa anakuja kuangalia yale maporomoko ya rangi anasema, "Ticha, hili dongo lako lina uchawi."

Siku ya tatu jioni nimetoka semina, nafungua Gqrx, hakuna kitu. Kifaa hakifunguki. Nikamuuliza Komredi kama kuna mtu kaingia.

"Hakuna mtu. Ila lile dongo lilikuwa la moto, Ticha, nikaona litaunguza meza. Nikalichomoa, likapoa, nikalirudisha."

"Nani alikwambia uguse?"

"Lilikuwa la moto bwana."

Haya mdau, wewe ungefikiri nini? Asubuhi linafanya kazi, mtu kagusa, jioni halifanyi kazi. Mimi nilifikiri hivyo hivyo, na nilifikiri kwa sauti kubwa. Kumbe kwanza madongo haya huwa ya moto yakiwa kazini, ndiyo kawaida yake.

Nisionekane nilimhukumu bila uchunguzi. Nilichunguza! Nikabadilisha tundu la USB, kimya. Nikabadilisha antena, jambo ambalo nikilifikiria sasa naona aibu, maana antena haina uhusiano wowote na kompyuta kushindwa kulifungua dongo. Halafu nikafanya kile nilichokiona ndio mwisho wa ubishi. Nikaenda chumba cha jirani mwenye laptopu ya Windows, nikaweka programu, nikachomeka. Nako programu ikasema haioni kifaa. Nikarudi chumbani nimenyoosha mgongo kama wakili. Kompyuta mbili, jibu moja, dongo limekufa. Na muuaji yuko kitandani anasoma Vita vya Majimaji.

Shida ya ushahidi ule nimekuja kuiona baadaye. Windows nayo huliwekea dongo draiva yake ya televisheni, na mpaka uibadilishe kwa kiprogramu kinachoitwa Zadig, programu za redio hazilioni. Mimi sikubadilisha. Kwa hiyo kwenye laptopu ya jirani hata dongo jipya kutoka kwenye boksi lingeonekana maiti. Nilikuwa na magonjwa mawili tofauti yenye dalili moja, nikayahesabu kuwa ugonjwa mmoja. Na mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watoto wa watu niwafundishe jaribio linalobadilisha kitu kimoja kwa wakati!

Nikamwambia Komredi alipe nusu. Alinyamaza sana. Kesho yake jioni akaniwekea elfu thelathini juu ya daftari, hakusema neno. Nikazichukua. Naandika hili taratibu kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine: nilizichukua, na usiku ule ule ndipo nilipoandika lile andiko. Wiki iliyofuata nilimwona anakula mara moja kwa siku kwa mama ntilie pale chini, wali maharage, na nikajiambia bumu lake limeisha kwa starehe zake.

Siku nne kabla ya somo langu nikaamua angalau nimwandikie muuzaji, labda atanipa jingine kwa bei ndogo. Nikataka kunakili ujumbe wa kosa vizuri. Siku zote nilikuwa nafungua Gqrx kwa kubofya picha yake, hivyo nilichokuwa naona ni kiboksi tu kinachosema imeshindikana. Safari hii nikafungua dirisha jeusi la amri. Nikaanza na lsusb, inayoorodhesha vifaa vyote vilivyochomekwa. Dongo likajitaja, 0bda:2838, jina na mtengenezaji. Moyo ukaanza kwenda mbio pale pale. Maiti haijitambulishi.

Nikaandika rtl_test. Ikajibu mistari mitano. Sitainakili yote, ila kwa Kiswahili ni hivi: draiva ya kerneli imelishika hili dongo, au kuna programu nyingine inalitumia, kama ni draiva, iondoe au ipige marufuku, jina lake dvb_usb_rtl28xxu. Mwisho kosa namba -6. Yaani ugonjwa na dawa vilikuwa vimeandikwa siku zote. Sikuwahi kusoma, kwa sababu nilikuwa nimeshapata mtu wa kulaumu.

Amri ya rmmod huitoa draiva kwa wakati ule tu, haiizuii kurudi. Ukichomoa dongo na kulichomeka tena, Linux inaliona upya, inaiita draiva ya televisheni, nayo inalikumbatia. Komredi hakuua kitu. Alichomoa akachomeka, basi, na mimi mwenyewe ningefanya hivyo siku yoyote ningepata jibu lile lile. Hata kuzima na kuwasha laptopu kungetosha. Nikajaribu: rmmod, linafanya kazi. Chomoa, chomeka, limekufa. Rmmod, limefufuka. Nikarudia mara tatu, nusu nikitamani mara moja likatae ili nipate pa kujifichia. Halikukataa.

Dawa ni faili moja ndani ya /etc/modprobe.d yenye mstari mmoja tu, blacklist dvb_usb_rtl28xxu. Dakika moja. Au ungeijenga maktaba upya na kuiambia imng'oe draiva yenyewe. Nilichagua faili.

Kurudisha hela ndiyo ilichukua zaidi ya dakika moja. Zile elfu thelathini zilikuwa zimebaki elfu kumi na nane, nyingine bando na chipsi. Nikakopa kwa dada mmoja wa darasani, nikamfuata Komredi kimbwetani, nikamwekea juu ya daftari kama alivyoniwekea. Nikamweleza, draiva, kerneli, vyote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikuharibu."

"Hukuharibu. Nisamehe, Komredi."

"Hela nimeiona. Na lile andiko?"

"Nitalifuta."

"Usilifute. Andika jingine, refu kama lile, na watu wasome."

Ndiyo haya mnayosoma.

Kuhusu dongo lenyewe, matatizo hayakuishia hapo, ila haya yalikuwa ya raha. Kwanza nilikuwa nimeliwekea sampuli milioni 3.2 kwa sekunde kwa ulafi, rtl_test ikawa inalalamika kwamba baiti zinapotea. Nikashusha hadi milioni 2.4, malalamiko yakaisha. Bado ni baiti milioni 4.8 kila sekunde, maana kila sampuli ni namba mbili. Pili, stesheni zilikuwa nyingi mno, moja naiona sehemu tatu. Huku Mlimani mawimbi ya FM yanafika na nguvu, na mimi nilikuwa nimepandisha kikuza-mawimbi mpaka mwisho, desibeli 49.6, dongo likawa linalewa na kuzaa stesheni za mzimu. Ukitaka kujua ipi ya kweli ipi mzimu, shusha kidogo: ya kweli inapungua kwa adabu, mzimu unaporomoka haraka zaidi. Nikaishia kama desibeli 20, anga likatulia.

Tatu, muuzaji aliniapia kwamba fuwele la ndani ni lile la usahihi wa hali ya juu. Nikaliacha rtl_test -p nusu saa, ipime ikilinganisha na saa ya kompyuta. Ikatulia kwenye 58 kwa milioni. Kwenye FM ya megahezi 100 hiyo ni kilohezi 5.8, sikio halijui. Kwenye 1090 ya ndege ni kilohezi 63. Nikaandika marekebisho kwenye programu, maisha yakaendelea, lakini ule usahihi wa kiapo haupo humo ndani.

Somo lilikuwa Alhamisi. Projekta haikupatikana, wakazunguka laptopu kama watu wanaoangalia mpira. Kulikuwa na mistari imesimama wima kwenye skrini, imepangana kwa nafasi sawa, si stesheni. Nikawauliza ni nini. Kila mtu na lake. Komredi alikuja japo si wa Fizikia, nilikuwa nimempanga akae karibu na soketi. Nikampa ishara, akachomoa chaja ya laptopu. Mistari yote ikatoweka. Darasa zima, watu wazima wale, likasema "aaah!" Akachomeka, ikarudi. Mhadhiri akasimama kutoka nyuma akaja akachomoa na kuchomeka mwenyewe mara mbili. Maksi sijapewa, ila alikata kitu kwa sababu nilimaliza dakika sita nje ya muda.

Sasa hivi ni saa tano usiku, Komredi kakaa hapa anasoma kabla sijaliweka. Dongo limewashwa na linachemka, ameliangalia mara tatu hajaligusa. Amesema hadithi iko sawa ila nimekosea neno aya ya kwanza. Anasema mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa tu, yeye alishitakiwa kabisa, akahukumiwa, na faini akalipa. Haya wadau, pale juu mlipoona mtuhumiwa, someni mshitakiwa.