Kengele ya maji na waya wa kuzungusha

Kimya changu cha juzi kimesababishwa na maji. Ndiyo, maji.

Hapa kwetu Likoni maji ya mfereji huja kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane. Ukilala yakakupita, kesho unanunua ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Mamangu alikuwa akikesha akisikiliza mfereji, na mimi mwanawe naandika programu za watu! Nikaona aibu. Nikachukua Arduino Nano, boya dogo, kengele na betri, nikaviunga kwenye bodi ya majaribio, ile ya vitundu. Maji yakiingia ndooni boya linapanda, kengele inalia.

Wiki ya kwanza ililia. Wiki ya pili maji yakaja, yakaenda, kimya. Asubuhi mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo kompyuta yako nayo ililala kama sisi."

Nikailaumu programu. Siku mbili nzima naandika upya, kumbe kosa haliko huko. Nilipogusa waya mmoja kwa kidole, kengele ikalia. Vishikizo vya ndani ya bodi vilikuwa vimelegea, na hewa yetu ya chumvi haisaidii.

Nilehemu? Stima ilikuwa imepotea. Ndipo nikatoa kifaa nilichokuwa nacho siku nyingi bila kukitumia: cha kuzungushia waya.

Kinafanana na bisibisi nyembamba. Ncha yake ina tundu la katikati la kuvalia pini, na jingine dogo la pembeni la kuingizia waya. Waya ni mwembamba sana, namba 30, kama robo milimita. Unachubua ganda sentimita 2.5 hivi (kijembe cha kuchubulia kimo humo humo kwenye mpini), unauingiza, unavalisha pini, unazungusha. Mizunguko 7 ya waya mtupu inatosha, na chini yake mmoja au mmoja na nusu ya waya wenye ganda, ili usikatike ukitikiswa.

Siri iko kwenye pini. Ni ya mraba, upande milimita 0.64, na kona zake kali huuma waya kwa nguvu hadi hewa haipenyi pale vinapogusana. Pini ya mviringo haifai. Kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini iliunganishwa moduli zake kwa njia hii hii.

Makosa yangu ya mwanzo: nilikandamiza mno, mizunguko ikapandana. Kiachie kifaa kipande chenyewe. Ukikosea, upande wa pili wa kifaa unafungua, lakini waya uliofunguliwa tupa, ukate mpya. Na tafadhali, njia hii ni ya betri na mikondo midogo. Stima ya ukutani usiiguse.

Nilimaliza kwa mwanga wa simu, nyaya 9. Nikakitikisa kiboksi, nikakigonga mezani, nikainua boya: kengele ikalia kila mara.

Zamu iliyofuata ilikuja saa nane usiku. Nilipotoka mbio na ndoo nikamkuta mama keshafungua pipa. "Hii sasa imeamka," akasema, akarudi kulala.

Haya, tuonane wakati mwingine.