Akitoka Kifungoni, Acheze?

Hapa Newala vijana wananiuliza kama mwenzao, aliyemaliza kifungo cha kuiba korosho, arudishwe timuni. Mimi nawatajia bondia Francis Cheka wa Morogoro. Mwaka 2013 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBF. Mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kumpiga meneja wa baa yake. Makonde yale yale yaliyompatia riziki! Mwaka 2016 alikuwa tena ulingoni, akamshinda Geard Ajetovic wa Uingereza.

Nasema acheze, deni la serikali limekwisha. Lakini washangiliaji humsahau upesi aliyeumizwa. Kijana wetu na aanzie kwa mzee mwenye korosho, ndipo avae jezi. Mzee anakaa jirani na uwanja. Kila jioni husikia filimbi.