Saa za Maskini

Msomaji, ubongo ni kiungo kisichojua kungoja. Mshipa wake mkubwa wa damu ukizibwa, chembe zake hufa kwa kadiri ya 1,900,000 kila dakika. Ndiyo maradhi tuyaitayo kiharusi: mdomo hupinda, mkono hulegea, ulimi huwa mzito, na mtu aliyekuwa akipiga kafi asubuhi hushindwa kushika kikombe jioni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo, nayo ilikubaliwa Marekani mwaka 1996. Lakini yataka itolewe kabla haujapita muda wa saa nne na nusu tangu dalili za kwanza, na sharti kichwa kipigwe picha kwanza. Kwani kiko kiharusi kingine, cha mshipa uliopasuka, na mwenye hicho akipewa dawa hiyo yaweza kumwua.

Chukua sasa muda huo uende nao Hola. Mji huu ni makao makuu ya Kaunti ya Tana River, nao una hospitali ya rufaa. Lakini wengi wa wenyeji hawakai mjini. Wapokomo wako vijijini kandokando ya mto, penye miembe na migomba yao. Waorma wako nyikani na ng'ombe wao. Fikiri nyanya wa ng'ambo ya mto ameanguka alfajiri. Mtumbwi utafutwe, pikipiki itafutwe, na mafuta atalipa nani? Wazee huketi kushauriana. Mmoja husema ni upepo mbaya, aitwe mganga. (Simcheki, sisi watu wa pwani tumeuita ugonjwa huu upepo tangu zamani, na mtu hulitaja jambo kama alivyofundishwa.) Mwingine husema mbuzi wauzwe, na mnunuzi, akiijua shida ya muuzaji, hushusha bei. Jua limekwisha panda, na mgonjwa hajaondoka mkekani. Akiambiwa aende Mombasa, ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Aprili 2024 maji ya Tana yaliikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, watu wakavushwa kwa mashua.

Lakini naona kwamba saa hizo zilianza kupotea miaka mingi kabla ya alfajiri ile. Chanzo kikubwa cha kiharusi ni shinikizo la damu, nalo haliumi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kuanzia mwaka 2003, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ulionyesha kwamba kiharusi si ugonjwa wa nchi tajiri tu. Vidonge vya shinikizo ni vya kumezwa kila siku, maisha yote. Na penye njaa, nani atatoa fedha ya unga anunue dawa ya ugonjwa asiousikia? Hununua mwezi huu, huacha miezi miwili.

Utakapokwenda nyumbani likizoni, muulize nyanya yako ni lini alipimwa shinikizo, na vidonge vyake vimebaki vingapi.