Okestra Iliponyamaza

Ndugu vijana, tunaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa pasipo kosa hilo tusingeketi kusikiliza kwa makini kazi ya msichana wa Leipzig, mji wa Ujerumani, aliyeishi karibu miaka 200 iliyopita.

Katika kwaya yetu, hapa Butembo, alikuwamo binti wa miaka 16. Yeye na mama yake walitoka upande wa Oicha, wakikimbia kama walivyokimbia maelfu ya wengine tangu mauaji ya raia yalipoanza kuliandama eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014. Kinanda alijifunza peke yake, baada ya misa, wakati sisi wakubwa tukikunja majoho na kubishana juu ya michango. Noti hakuzijua. Lakini wimbo aliousikia mara mbili, mara ya tatu vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuupata. Kwa muda wa mwaka mzima alitupigia kila Jumapili. Hatukumlipa kitu, wala hatukukumbuka kumshukuru. Tulimzoea kama mtu anavyouzoea mlango wa nyumba yake.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, tarehe 22 Novemba. Wageni wengi walitazamiwa. Kamati ya kwaya, yaani sisi tunaoandika haya, ikaamua kwamba siku hiyo kinanda kipigwe na kijana wa kwaya nyingine, mwenye elimu ya muziki na chombo chake mwenyewe, kwa ajili ya heshima ya wageni. Uamuzi wenyewe pengine haukuwa mbaya. Kibaya ni kwamba hakuna aliyemwambia binti. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekwisha kusema naye. Asubuhi ile alifika mapema, amevaa gauni lililopigwa pasi vizuri, akakuta kiti kina mtu. Akaenda kusimama pamoja na wenye sauti ya kwanza, na misa ikaisha hajafungua kinywa. Jumapili iliyofuata hakuja. Baadaye tukasikia kwamba amepelekwa Beni mjini, kwa mama yake mdogo.

Miezi ikapita. Jioni moja mvua ilituzuia kufanya mazoezi, na mwenzetu mmoja akatusikilizisha katika simu muziki aliotumiwa na ndugu yake aliyeko ng'ambo. Tukiri kwamba kilichotuvuta kwanza kilikuwa picha: mwanamke kijana, mweusi, mpiga piano. Ni Isata Kanneh-Mason, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1996, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Sierra Leone. Naye ni kifungua mimba wa watoto saba ambao wote hupiga ala. Mwaka 2019 alitoa albamu yake ya kwanza. Angeweza kuchagua mojawapo ya kazi zinazopigwa kila mwaka katika kumbi kubwa, lakini alichagua konserto ya piano ya Clara Schumann, isikikayo mara chache, akaipiga pamoja na okestra ya mji wa Liverpool iitwayo Royal Liverpool Philharmonic, ikiongozwa na Holly Mathieson.

Konserto, kwa wasiolijua neno hili, ni utungo ambamo chombo kimoja huwekwa mbele na okestra nzima hukaa nyuma yake. Mara hushindana, mara husaidiana, kama mwimbishaji na kwaya yake.

Clara alipoanza kuitunga hii alikuwa bado akiitwa Clara Wieck, na alikuwa na miaka 13. Alizaliwa Leipzig tarehe 13 Septemba 1819. Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu wa piano na mwuzaji wa piano, mtu wa ratiba kali. Wazazi hao walipoachana, sheria ya nchi ilimpa baba haki ya kubaki na mtoto, na mama akaenda kuishi Berlin. Akiwa na miaka 9 Clara alipanda jukwaa la Gewandhaus, ukumbi mkuu wa muziki wa Leipzig. Mwaka 1833 aliandika kipande kimoja cha piano na okestra, ambacho leo ndicho sehemu ya tatu na ya mwisho ya konserto. Kijana aliyekuwa mwanafunzi wa baba yake, Robert Schumann, ndiye aliyemsaidia kukigawa kwa ala za okestra. Kisha yeye mwenyewe akaongeza sehemu mbili za mbele. Tarehe 9 Novemba 1835 akaketi mbele ya okestra ya Gewandhaus, akaipiga konserto yote toka mwanzo hadi mwisho. Aliyeiongoza okestra ni Felix Mendelssohn, naye alikuwa na miaka 26 tu. Clara alikuwa na miaka 16.

Mwenzetu alipotuambia umri huo, tulitazamana. Hakuna aliyelitaja jina la binti wetu, lakini kila mmoja alilisikia.

Sehemu ya kwanza huingia na okestra nzima, kwa mwendo wa maandamano, na piano huijibu kwa ujasiri wa mtoto ambaye hajawahi kuambiwa kaa chini. Msikilizaji hungoja imalizike, watu wapumue, ndipo ya pili ianze. Haimaliziki hivyo. Inapunguza mwendo, na bila kukata inaingia katika sehemu ya pili, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike ukurasa huu.

Kwa maana hapo okestra inanyamaza. Wapiga fidla, wapiga filimbi, wapiga tarumbeta, wote wanaacha. Piano inaimba peke yake, taratibu, kama mtu anayesimulia jambo la nyumbani. Halafu inajiunga nayo selo moja, ile fidla kubwa ishikwayo katikati ya magoti, yenye sauti iliyo karibu mno na ya mwanamume aimbaye. Selo inaupokea wimbo ule ule, na piano inarudi nyuma kuupamba. Wawili hao tu. Waliobaki jukwaani wameshika ala zao na hawapigi kitu. Mwishoni kabisa husikika ngoma ikivuma kwa mbali, chini chini, kisha tarumbeta zinapiga mwito, na sehemu ya tatu inaamka kwa mdundo wa ngoma za Kipolandi.

Mtu aweza kusema kwamba mtunzi alikuwa mchanga, hakujua la kufanya na okestra, ndiyo maana akainyamazisha. Sisi si wajuzi, lakini hatusadiki. Aliyejua kuziita tarumbeta zile kwa wakati wake alijua vema ni nani aliyemnyima zamu, na kwa nini. Alitaka sauti moja ndogo isikike, akaona kwamba haihitaji watu 50 wa kuisaidia. Ilihitaji mmoja aende nayo, na wengine watulie.

Nasi tulikuwa tumefanya nini? Tulikuwa na sauti moja ndogo, tukaleta chombo kikubwa zaidi.

Habari ya Clara haikuishia kwenye makofi ya Leipzig. Konserto ilichapishwa mwaka 1837. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika katika shajara yake kwamba imani yake katika kipaji chake cha kutunga imemtoka, na kwamba kazi hiyo si ya mwanamke kuitamani. Tumelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linatuuma, kwa sababu aliyeliandika si mtu wa kubahatisha. Ni yule yule aliyekwisha kupigiwa makofi na ukumbi mzima kwa kazi aliyoitunga mwenyewe. Hakuacha kabisa: mwaka 1846 alitunga kazi nzuri ya piano, fidla na selo. Aliolewa na Robert mwaka 1840, kinyume cha mapenzi ya baba yake na baada ya kesi mahakamani, akazaa watoto wanane, akaendelea kusafiri akipiga piano katika miji ya Ulaya hadi uzeeni. Robert naye alitunga konserto ya piano, na Clara ndiye aliyeipiga mara ya kwanza mwaka 1845. Hiyo ya mume ndiyo inayojulikana duniani kote. Kabla ya sarafu ya euro, uso wa Clara ulikuwa katika noti ya mark 100 ya Ujerumani. Bila shaka walioikunja noti hiyo mfukoni ni wengi kuliko walioisikia konserto yake.

Binti asiyeambiwa neno hujijibu mwenyewe, na jibu lake huwa kali kuliko lolote ambalo tungempa.

Hapa tuwajibu pia wale vijana watakaosema kwamba okestra ni mambo ya Wazungu, nasi tuna ngoma zetu. Ngoma tunazo, na tuzipige. Lakini Kinshasa, katika nchi yetu hii, iko okestra ya Wakimbangu tangu mwaka 1994, iliyoanzishwa na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, mjukuu wa Simon Kimbangu. Filamu iliyotoka mwaka 2010 inawaonyesha wakiipiga kazi ya Beethoven, umeme unakatika, nao hawasimami, wanaendelea gizani. Mtu wa Butembo hahitaji kuelezwa giza hilo.

Basi Jumamosi moja tulikwenda Beni, watu watatu. Ni kilomita 54, lakini mwajua wenyewe kwamba barabara ile haihesabiwi kwa kilomita: kuna vizuizi, kuna habari za asubuhi za kusikiliza kabla ya kuondoka, kuna saa ya kurudi ambayo haipaswi kupita. Tulimkuta sokoni, katika meza ya mama yake mdogo, akipima mafuta ya mawese katika chupa. Mama yake mzazi hakuwapo. Alikuwa amerudi Oicha kuvuna kakao, kwa kuwa shamba lisipovunwa na mwenyewe huvunwa na wengine.

Mkubwa wetu, mama mmoja wa sauti ya pili, ndiye aliyesema.

«Mwanangu, tulikukosea. Tulikuondoa pasipo kukuambia.»

«Ndiyo, Mama,» akajibu. Kisha akaendelea kupima mafuta.

Hatukuwa na neno lingine. Tulikuwa tumejiandalia maneno mengi njiani, yote yakawa hayana kazi. Mwenye simu akamwomba asikilize kitu, akamvalisha vipokea sauti. Alisikiliza huku akihudumia wateja, akikiondoa kimoja sikioni kila alipoulizwa bei. Sehemu ya kwanza haikumgusa sana, tuliona. Ya pili aliirudisha.

«Yaya, huyu aliyeitunga alikuwa na miaka mingapi?»

«Alipoipiga mbele ya watu, 16.»

Akanyamaza kidogo. «Na mama yake alikuwapo?»

Tukamwambia kwamba mama yake alikuwa anaishi mji mwingine. Hakuuliza zaidi. Akairudisha mara ya tatu, na safari hii vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikitembea juu ya ubao wa meza, kati ya chupa na chupa.

«Hii sauti ya chini nani ataipiga?» akauliza. «Chombo hiki hatuna.»

Kati yetu alikuwamo mwimba besi mmoja, fundi wa pikipiki, mtu asiyependa kusema mbele za watu. Akasema ataijaribu kwa mdomo.

Msidhani kwamba amerudi Butembo. Hakurudi, wala hatukumwomba tena. Anapiga kinanda katika kwaya nyingine, huko huko Beni, na wenyewe wanamthamini. Sisi ndio tunaokwenda, Jumamosi ambazo barabara inaruhusu, ambazo si nyingi. Wametupatia chumba chenye kinanda cha umeme ambacho sauti mbili za juu hazilii. Anaupiga wimbo wa sehemu ya pili kama alivyoupata kwa sikio, bila mapambo yote ya Clara, na fundi anaimba zamu ya selo, bila maneno, midomo imefungwa. Huwa anapotea mahali pale pale, wimbo unapopanda kwa mara ya pili. Binti anaondoa mikono kwenye kinanda, anamwimbia noti tatu, nne, wanaanza tena. Wengine tunakaa kwenye benchi la nyuma, na mwenye kikohozi hutoka nje.

Mama yake bado yuko Oicha, mavuno hayajaisha. Ifikapo saa tisa tunaaga, ili giza lisitukute njiani.